Fito Zisizokandikwa

Nina kinyaa, na sioni haya kulisema hilo. Tangu utotoni sijaweza kula sahani moja na mtu anayelamba vidole, wala kulalia mto uliolaliwa na kichwa chenye mafuta. Marehemu baba ndiye aliyenilea hivyo. Alikuwa seremala kutoka pwani aliyefuata kazi Shinyanga akabaki huko, na alitawadha kwa ajili ya swala, halafu akanawa tena kwa ajili ya mbao. Alisema mkono mchafu huharibu ubao kabla msumeno haujafika. Mama alikuwa Msukuma wa upande wa Kishapu, mtoto wa wafugaji, na alimcheka baba maisha yao yote. Kwa mama mafuta yalikuwa baraka. Alijipaka samli, akatupaka na sisi, na bawaba ya mlango ikilia aliipaka pia. Mimi nilimfuata baba mzima mzima, na mdogo wangu akamfuata mama.

Baba alipofariki nilibaki na karakana yake pale mtaa wa Kambarage. Nilitengeneza vitanda, milango na makabati, na mara mojamoja watu wa bendi waliniletea magitaa yao yaliyovunjika. Niliyapokea kwa kitambaa. Nani angeyashika kwa mkono mtupu? Yalikuwa yamemwagiwa bia, yamekaukia jasho la watu wanne tofauti, na ukiyatikisa mende wanatoka kwenye tundu. Mengi yalikuwa na uso wa plaiwudi nene, na juu ya plaiwudi mtu amepaka rangi ya mafuta nyekundu, ileile ya kupaka malango ya chuma. Bila umeme gitaa la namna hiyo halisemi kitu. Mwenye vidole vya chuma akilikung'uta litakohoa kidogo, basi.

Mdogo wangu alikuwa na vidole vya chuma. Kabla ya kwenda machimboni alipiga gitaa kwenye bendi za mji, na hata nikiwa nimechukia namna alivyoshika chakula na nyuzi kwa mkono uleule, nilikuwa nikisimama dirishani kumsikiliza. Kisha habari za dhahabu zikazagaa, akaacha bendi, akaenda upande wa Geita pamoja na vijana wengine. Alirudi juu ya lori la pamba, mkono wa kulia umefungwa kwa kanga chafu isiyo na rangi. Jiwe lilikuwa limemwangukia shimoni. Mifupa iliunga, ngozi ikafunga, lakini nguvu haikurudi. Aliweza kushika kikombe cha chai. Kufunga kifungo cha shati hakuweza.

Alilichukua gitaa lake la zamani, lile jekundu, akajaribu. Vidole vilipita juu ya nyuzi na gitaa likanyamaza. Akajaribu tena siku iliyofuata, na iliyofuata, akiwa amekaa kwenye kitanda nilichokuwa namtengenezea mteja, na makombo ya mihogo yakimdondokea kifuani. Nilimwambia ashuke kitandani. Hakushuka.

"Kaka," akasema, "kama haliniitikii, narudi shimoni."

"Kwa mkono huo?"

"Hapa nitafanya nini? Nikusugulie mbao na mama anilishe?"

 Kule walishuka kwa kamba, na hata mtu mwenye mikono miwili mizima alishuka akisoma dua. Mama alisikia maneno hayo akiwa jikoni. Tangu siku hiyo kila alipolisikia lori barabarani aliacha anachokifanya akatoka kutazama.

Basi ikawa kiangazi, na padri mzungu wa misheni moja ya jirani akanijia na gitaa lake kwenye sanduku. Lilikuwa la nyuzi za nailoni, limetengenezwa kwa mkono huko ng'ambo, na ukavu wa Shinyanga ulikuwa umelibandua mgongo. Nikamalizia kuubandua ili niugundishe upya. Kwanza nilikuta mavi ya panya. Hata gitaa la padri. Niliyafagia kwa brashi huku nimeziba pua, kisha nikatazama kilichokuwa chini yake, nikasahau kuziba pua.

Magitaa yote niliyowahi kufungua yalikuwa na uso mnene ulioshikwa na mihimili michache minene. Hili uso wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilipounyanyua kuelekea mlangoni, jua lilipita kwa rangi ya chai ya maziwa. Ubao kama huo ungepasuka kwa mvuto wa nyuzi kabla ya mchana kuisha. Ulishikwa na vijiti vyembamba vilivyopishana mshazari kutoka huku na huku, ndani kote, vikiacha vidirisha vidogo vitupu kati yake. Ubavu na mgongo ulikuwa mzito, lakini uso ulikuwa karibu si kitu. Padri alinieleza kwa Kiswahili chake cha kanisani kwamba aliyelitengeneza alitaka sauti ifike mwisho wa ukumbi bila kipaza sauti. Akaweka kidole kwenye uzi mmoja uliobaki, akaugusa tu, hakuuvuta. Ubao ule ulio wazi ukaitikia chumba kizima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimtazama mdogo wangu, aliyekuwa amelala kwenye magunia akinuka pombe ya mtama, nikaona mwenyeji wangu wa kuponywa ni yule.

Nilianza siku ileile padri alipolichukua gitaa lake. Kwa uso nilipata kasha lililoleta vipuri kwenye jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Lilikuwa la mbao nyeupe ya nchi za baridi, nyepesi, nyuzi zake zimenyooka toka juu hadi chini. Mlinzi alikuwa akilifugia kuku. Nililikwangua kinyesi cha kuku nusu siku, nikatapika mara moja, nikaendelea. Mgongo na mbavu nilifanya kwa mninga. Vijiti nilivichonga kutoka mti mwepesi wa majini ambao wavuvi wa ziwani huufanya maboya, na nyuzi nyembamba zilikuwa mshipi wa kuvulia. Nyuzi nene alinipa padri, za kwake alizokwisha kuzibadilisha.

Kazi ilikuwa ni kupunguza. Seremala amezoea kuongeza, mguu wa kitanda ukiyumba unatia kipande. Huku nilikuwa napunguza ubao kwa randa, halafu kwa kipande cha kioo kilichovunjika, nikisimama kila mara mlangoni kuangalia mwanga na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Ulipoacha kulia kama ubao ukaanza kulia kama kitu kinachovuta pumzi, niliogopa, nikaacha.

Kisha gundi. Gundi ya dukani ilikuwa haipatikani, kama sabuni, kama sukari, kama vyote vya miaka ile. Nilichemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe nyuma ya nyumba, kwenye debe, mpaka vikayeyuka. Harufu yake sitaieleza. Majirani walihamisha jiko. Nilifunga kitambaa puani na mdomoni, nikafanya kazi hiyo kwa chuki, na kila tone lililotoka nje ya kijiti nililifuta kwa maji ya moto mpaka ubao ukawa mkavu na safi. Gundi ina ruhusa ya kukaa mahali pake tu.

Kabla sijafunga mgongo nilimwita mama aje aone. Nilikuwa na fahari, nakiri. Alitazama vile vijiti vilivyopishana, akapitisha kidole kwenye vidirisha.

"Hizi ni fito," akasema.

"Ndiyo, mama. Kama fito za ukuta."

"Na utakandika lini?"

Nilicheka. Nilidhani anatania. Kwao nyumba husimamishwa nguzo, zikafungwa fito, na fito zikakandikwa udongo, na hakuna mtu mwenye akili anayeingia kulala kwenye nyumba ya fito tupu. Nikamwambia hii haikandikwi. Akatikisa kichwa polepole kama anayesikia habari za mtoto aliyezaliwa bila nguo ya kumfunika, akarudi jikoni.

Siku nilipompa mdogo wangu lile gitaa alikuwa amekwisha kusema na dereva wa lori. Alilipokea bila hamu. Kidole chake cha shahada, kile kilichokuwa kibovu kuliko vyote, kikaugusa uzi mwembamba, naye akaruka kama aliyeitwa na mtu nyuma yake. Lilikuwa limeita. Akagusa tena. Akashuka kwenye nyuzi nene, mkono wake ukilegea vilevile, na sauti ikatoka mpaka ng'ambo ya barabara, muuza karanga akageuka. Mdogo wangu alilia, kamasi zikamtoka, zikadondokea kwenye mninga wangu mpya. Nilizifuta, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona kinyaa. Lori liliondoka bila yeye.

Akaanza kuitwa kwenye harusi, na kwenye vilabu vya pombe ambako hakukuwa na umeme wala betri za kupoteza. Nilimfuata mara moja nikaapa sitarudi. Watu walitema mate sakafuni hatua moja kutoka kwenye gitaa, na mlevi mmoja mwenye mikono iliyotoka kushika utumbo wa mbuzi alitaka kulipapasa. Lakini mdogo wangu alikuwa akinenepa. Alianza kufunga vifungo vyake mwenyewe.

Halafu sauti ikaanza kufa. Niliisikia kutoka karakana, siku baada ya siku, kama mtu anayezungumza huku wanamwekea blanketi usoni. Nikamuuliza, akasema ni mvua. Kweli masika yalikuwa yameanza, lakini mvua haina harufu kama ile. Kila alipopita nalo kulikuwa na kitu kizito kimeoza kidogo, na kila alipoliweka chini, sisimizi walikuwa wanajua njia. Siku moja nilimkuta panya mchana kweupe ameng'ang'ania ukingo wa tundu akitafuna. Nikamfukuza kwa patasi. Nikalichukua gitaa, mdogo wangu akinifuata nyuma akisema niliache, nikapasha kisu moto nikaubandua mgongo.

Mafuta. Vile vidirisha nilivyoviacha vitupu, kila kimoja, vilikuwa vimejazwa mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochanganywa na majivu ya mizizi, yakashindiliwa na kusawazishwa vizuri kwa kidole, mpaka ile kazi yangu yote haikuonekana. Ilikuwa ukuta. Mafuta yalikuwa yamegeuka kijani pembeni. Ndani mlikuwa na sufu ya kondoo, mbawa za mende, na nzi waliokwama wakafa. Ubao uliokuwa ukipitisha jua ulikuwa umelowa ukawa kama karatasi ya kufungia maandazi, umebonyea katikati, na mahali panya alipofika ulikuwa umeliwa pamoja na gundi. Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro, nikarudi, nikaona tena, nikatoka tena.

Mkono ulioweza kupita kwenye tundu lile ulikuwa mmoja tu nyumbani kwetu. Mama alikuwa na mikono midogo kama ya msichana.

Alikuja kabla sijamwita. Akasimama mlangoni, mdogo wangu nyuma yake.

"Nililegeza nyuzi mimi," mdogo wangu akasema. "Mama peke yake asingeweza."

"Mmeliua," nikasema. "Mnajua mmefanya nini? Mmeliua."

"Ng'wanawane," mama akaniambia, neno lake la Kisukuma la kumwita mtoto wake, "ndugu yako alikuwa anakwenda mbele za watu na kitu kitupu. Fito tupu. Kila jicho linaingia. Nilikwenda kwa mganga, nikaleta kinga, nikakandika."

"Kinga gani inayonuka hivi? Huoni uchafu huu?"

Akalitazama debe langu la gundi lililokuwa kwenye kona. "Wewe umechemsha ngozi ya ng'ombe ukaipaka humohumo. Mimi nimepaka mkia wa kondoo. Ng'ombe wako ananukia?"

Nilimwambia gundi inashika na mafuta yanazamisha, kwamba uso ule husema kwa sababu ni mwepesi, na ukiutia uzito wa kijiko tu unanyamaza. Alinisikiliza kwa adabu yote, kama alivyokuwa akimsikiliza baba akieleza udhu. Najua hakuamini hata neno moja, nami nilikuwa nimechukia mno kuendelea.

Nikatengeneza uso mwingine. Ubao wa kasha ulikuwa umebaki wa kutosha. Ilinichukua masika yote, kwa sababu gundi haikauki upesi wakati wa mvua, na mninga niliusugua kwa maji ya magadi mpaka vidole vyangu vikachubuka. Nilipomaliza lilisema vizuri kuliko la kwanza. Nikampelekea mdogo wangu.

Aliliweka mapajani. Akaweka vidole kwenye nyuzi. Akagusa uzi mmoja. Sauti ikatoka nzuri, naye akauzima haraka kwa kiganja kama aliyesikia jina lake likitajwa na adui.

"Piga," nikamwambia.

"Limevuliwa."

"Limesafishwa."

"Kaka, mkono wangu ulipata nguvu baada ya mama kuweka ile dawa. Kabla ya hapo uligusa tu. Mimi ndiye mwenye mkono, najua." Akalilaza kitandani. "Wivu wa wenzangu umekwisha kuona kwamba halina kitu."

Hakulishika tena. Akaanza kulala mchana, na vifungo vya shati vikabaki wazi. Wiki ile lori la pamba likaonekana limeegeshwa mbele ya hoteli ya chai, na mdogo wangu akatoa chini ya kitanda begi lake la machimboni, ambalo hata baada ya miezi lilikuwa bado linanuka shimo. Dereva alikuwa ameahidi kupiga honi akiwa tayari. Mama alikaa kwenye kizingiti cha jiko, mikono yake midogo imelala mapajani bila kazi yoyote. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo.

Nilimtazama yule mtu mzima akikunja suruali kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimempa uso wa gitaa unaoitikia pumzi, mara mbili, naye anarudi kufia kwenye kamba kwa sababu halinuki. Nilimchukia. Nilichukia mkono wake, mganga, kondoo yule na mkia wake. Kisha nikaenda jikoni.

"Shikamoo, mama. Yale mafuta yamebaki?"

Aliitikia marahaba. Akainuka, akatoa kibuyu kidogo nyuma ya mtungi.

Nikalipeleka gitaa karakana. Mahali mpini unapoungana na mwili pana kisigino kinene cha mti, ambacho hakisemi lolote. Kazi yake ni kushika tu, na ukitoboa humo uso wa gitaa hautajua. Nikalipindua, nikachimba kishimo kwa patasi, nikachonga na kizibo cha mninga. Nikachukua kijiti, nikakichovya kwenye kibuyu.

"Dawa haipakwi na kijiti," mama akasema nyuma yangu. "Inapakwa na mkono wa ndugu."

"Paka wewe basi."

"Mimi nilikwisha kupaka. Wewe ukatoa. Aliyetoa ndiye anarudisha."

Mdogo wangu alikuwa amekuja kusimama mlangoni, begi begani. Nikaingiza kidole ndani ya kibuyu. Mafuta yalikuwa vuguvugu, laini, na sufu kidogo ikanizunguka kwenye ukucha.  Nikapaka ndani ya kile kishimo, nikashindilia, nikasawazisha kwa ncha ya kidole kama nilivyoona kwenye vile vidirisha, mama akihesabu pembe kwa macho kuhakikisha sikuruka hata moja. Nikagongea kizibo. Sikumtazama mtu. Nikawapita wote wawili nikaenda uani.

Sabuni haikuwepo. Nilichota majivu mekoni, nikaanza kujisugua kwenye pipa la maji, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko. Maji yalibaki na macho ya mafuta juu yake. Nilikuwa natukana kimoyomoyo, kondoo na waliomzaa, honi ya lori ilipolia barabarani. Ikalia tena. Kisha, kutoka karakana, ukuta mzima katikati yetu, nikasikia uzi mwembamba ukiguswa na kidole kibovu. Ukafuata mwingine. Halafu nyuzi nene zikaingia chini yake taratibu, na sikusikia lori lilivyoondoka.

Nikanusa vidole vyangu. Vilikuwa vinanuka vilevile. Nikachota majivu mengine.